Nimepiga Magoti, Nikalala, Mkwe Akaja

Leo nimeaibika mbele ya mtu ninayetaka awe baba mkwe wangu, tena nikiwa nimepiga magoti. Nawaambia mapema kwa sababu kesho kila mtu hapa shambani atakuwa na toleo lake la kilichotokea stoo, na heri mlisikie langu kwanza. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. (Ingawa kusema kweli, sehemu kubwa sikuwepo. Nilikuwa nimelala.)

Tuanze na Bwana, maana ugonjwa huu nimeambukizwa naye.

Mzungu wetu, mwenye hili shamba la mahindi nje ya Eldoret, tunamwita Bwana Kimya. Si kwa sababu ni mpole. Akiwa macho, sauti yake inafika mto Sosiani na kurudi. Tunamwita hivyo kwa sababu kila siku akishakula chakula cha mchana analala barazani kwenye kiti chake cha turubai, na akilala, shamba zima linanyamaza. Jembe halinolewi. Ng'ombe wa kukokota gari hawapigiwi mluzi. Jogoo wa mpishi aliwika saa hiyo mara moja tu, akachinjwa. Jioni Bwana akamla, kwa hiyo kosa likawa na faida kwa upande mmoja.

Sasa, usingizi huo msiuite uvivu. Ni dawa. Siku daktari wa Kizungu alipokuja kumpima, mimi nilikuwa barazani nikingoja kurudisha funguo za stoo, nikasikia kwa masikio yangu. Daktari alisema huku kwetu juu kuna baridi na hewa ni nyepesi, moyo wa mtu unafanya kazi kupita kiasi, na mtu asipoupumzisha kila mchana hatafika uzeeni. Nimesoma shule ya misheni. Kiingereza changu kina mashimo, lakini habari ya kuishi miaka mingi siwezi kuikosa. Bwana akauliza kama ni lazima. Daktari akasema ni lazima. Nikamwona Bwana anavyohangaika kuficha furaha.

Wiki hiyo hiyo vibarua wawili walikutwa wamelala chini ya miti ya blugamu saa ya chakula. Wakafukuzwa, wao na masufuria yao. Bwana akatukusanya akatuhutubia: "Mutu nalala mchana, hiyo mutu ya bure. Damu yake nakuwa maji." Alisema hayo huku akipiga mwayo, kisha akaenda kunywa dawa yake.

Mimi nikakaa nikafikiri. (Hilo ndilo kosa la kwanza. Karani asifikiri akiwa ameshiba.) Moyo wangu nao uko huku huku juu. Mapafu yangu yanavuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Kama usingizi wa mchana unamrefushia maisha mtu anayeshinda kwenye kiti, si utamrefushia zaidi mtu anayeshinda kati ya magunia? Na ni dawa ya bure, haina uchungu wala sindano. Kilichobaki kilikuwa ni namna ya kuinywa bila kufukuzwa.

Namna yenyewe ilikuja kwa bahati. Siku moja baada ya chakula niliangusha penseli nyuma ya magunia ya posho, ule unga wa vibarua. Nikapiga magoti kuitafuta. Nikaona kule nyuma kuna joto zuri, bati likichemka juu na magunia yakizuia upepo. Nikaegemeza kichwa kwenye gunia, kidogo tu. Nyapara Kiptoo akaingia kuchukua kamba, akanikuta vile, magoti chini, kichwa chini, macho yamefumbwa. Akavua kofia. Akatoka kinyumenyume kwa kunyata.

Jioni akanijia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Karani, sikujua wewe ni mtu ya maombi namna hiyo. Iko ng'ombe yangu inaharisha. Tafadhali weka huko ndani."

Nikamwambia nitamweka. Ng'ombe akapona. Mimi nifanye nini?

Kuanzia hapo jina langu likapanda. Kiptoo akamweleza Bwana, na Bwana akakunja uso lakini akakosa la kusema, kwa sababu memsabu wake ndiye anayegawa Biblia kila Krismasi. Usingizi alikuwa ameupiga marufuku, sala hakuweza. Basi kila mchana, Bwana akinywa dawa yake barazani, mimi nikawa nainywa yangu stoo. Biblia wazi juu ya gunia, mikono imekunjwa, magoti chini. Vibarua wakipita mlangoni wanainamisha vichwa. Wengine walianza kuniita Mwalimu. (Sikuwakataza. Mtu hakatai cheo akiwa usingizini.)

Sifa hiyo ikasafiri mpaka kwetu Maragoli, na ndiko matatizo yangu yalikokuwa yanakaa.

Kule Maragoli kuna msichana anaitwa Rispa. Sina maneno mengi kuhusu Rispa, ila nikimwona nasahau nilichokuwa nasema, na mnajua mimi si mtu wa kusahau nilichokuwa nasema. Yeye ananitaka. Mimi namtaka. Nilishatuma wazee wangu kwao, wakajibiwa kwamba watachunguza kwanza. Hiyo ni desturi yetu, sina ugomvi nayo. Kabla ya kumtoa binti, watu wanauliza kama ukoo wa kijana una kifafa, una kikohozi, una mikono mirefu. Lakini baba yake, Mzee Hezroni, ambaye ni mzee wa kanisa, ameongeza swali lake mwenyewe: kijana analala mchana?

Swali hilo lina kaburi ndani yake. Dada mkubwa wa Rispa aliolewa na kijana aitwaye Luka, mtu mwenye mabega, aliyekuwa akibeba magunia kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Kitale. Luka akaanza kulala mchana. Halafu miguu ikaanza kufura. Halafu akawa hawezi kusimama. Alizikwa wakati mtoto wake wa kwanza hajang'oka jino. Tangu siku hiyo Mzee Hezroni anaamini kwamba mtu anayelala jua likiwa juu, kaburi limeshaanza kumwita kwa jina. Wala si kuamini tu. Anaogopa, kabisa.

Rispa mwenyewe alinionya nilipokwenda nyumbani. "Baba akisikia unalala mchana, basi mimi na wewe tumeachana. Hata mwayo usipige mbele yake."

Nikamwambia, "Mimi? Kulala mchana?" Nilionyesha hata kukasirika kidogo. (Nilikuwa nimetoka kuamka nyumbani kwa mama.)

Haya. Sasa tufike leo.

Wakwe walisema watakuja Jumamosi. Leo ni Jumatano. Nilipaswa kujua, maana mtu mwenye akili hamchunguzi kijana siku aliyomwambia. Lakini mimi nilikuwa nimejipangia Jumamosi ya kusimama wima tangu asubuhi, shati limepigwa pasi, macho kama taa ya gari. Jumatano sikuwa nimeipangia chochote isipokuwa chakula. Nikala mahindi na maharagwe, mabakuli mawili. Kisha Kiptoo akaniletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, asante ya ng'ombe. Kama hamjawahi kunywa mursik juu ya maharagwe, saa ya mchana, bati likiwa na joto, msinihukumu. Nikajivuta nyuma ya magunia. Nikafungua Biblia. Nikapiga magoti. Amina yenyewe sikuifikia.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Kiptoo. Amenisimulia mara tatu tangu mchana, na kila mara anaongeza chumvi, kwa hiyo nawapa ile ya kwanza.

Mzee Hezroni alikuja na dada yake, Shangazi Dorika. Walishuka lori barabarani wakatembea, yeye na koti lake jeusi na mwavuli, shangazi akiwa amebeba viatu mkononi mpaka kwenye geti, ndipo akavivaa. Kiptoo akawapokea kwa kunong'ona.

"Karani iko kwa maombi. Lakini tafadhali, sauti chini. Bwana amelala."

"Amelala?" Mzee akauliza. "Mchana hii?"

"Kila siku, Mzee."

Mzee akaangalia upande wa baraza kwa huzuni. "Pole yake. Ako na watoto?"

Wakaingia stoo. Mzee akaniona, akasimama pale pale, akavua kofia. Kiptoo anaapa kwamba macho yake yalijaa machozi.

"Dorika, ona."

"Naona."

"Na hakujua tunakuja."

"Hiyo ndiyo nafikiria," shangazi akasema.

Mzee akapiga magoti kando yangu, na magoti yake si ya juzi, yalilia kama mlango. Akangoja nimalize ili tusalimiane. Sikumaliza. Akangoja zaidi. Ndipo nikaanza kukoroma.

Mtu mwingine angejua pale pale. Lakini Mzee alikuwa amekuja na moyo mweupe, na mtu aliyekwisha kupenda kitu hukiona anavyotaka. "Anaomba kwa kuugua," akanong'ona. "Mzigo wa huyu kijana ni mzito."

Kiptoo naye akanong'ona, "Labda ni ile ng'ombe yangu ingine."

Shangazi Dorika alizunguka tu upande wa pili wa gunia, akainama, akanitazama uso.

Basi furaha ikamzidi Mzee, akaanzisha wimbo wa kanisa. Sasa hiyo sauti ya Mzee Hezroni ndiyo inayotumika kwao kuita watu mazishini, inavuka vilima viwili bila kupumzika. Kiptoo akampungia mikono, akamwonyesha baraza, akaweka kidole mdomoni. Mzee alikuwa amefumba macho. Vibarua wakasogea mlangoni. Hawa ni watu ambao hawajaruhusiwa hata kukohoa saa hiyo tangu daktari aje. Mmoja akashika kiitikio. Wa pili akaingia na besi. Wakaimba wote, wakapiga na makofi, wengine hata kanisa hawaendi.

Na mimi, jamani, sikuamka. Niliota niko kwenye harusi yangu. Nikaona watu wananiimbia, nikasema moyoni, kumbe hawa watu wananipenda.

Aliyeamka ni Bwana. Alitokea mlangoni bila viatu, shati nje ya suruali, nywele zimesimama upande mmoja.

"Nani nakufa hapa?"

Wimbo ukakatika. Mzee akainuka, kofia mkononi, mtu wa adabu. "Hakuna mtu amekufa, Bwana. Tunaomba."

"Mimi nalala!"

"Nimesikia, Bwana. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya ugonjwa."

"Mimi hapana gonjwa."

"Wote husema hivyo mwanzo," Mzee akamjibu kwa upole. "Miguu imeanza kufura?"

Na akatazama chini. Watu wote wakatazama chini. Pale kwenye sakafu ilikuwa miguu miwili ya Bwana, mitupu, myekundu, imenenepa kwa kukaa. Kiptoo anasema Bwana naye aliitazama, tena akaikazia macho kuliko wengine.

Ili watu waache kutazama miguu yake, Bwana akatafuta kingine cha kutazamwa. Akanipata mimi.

"Na huyu?"

"Huyu anaomba," Mzee akasema.

"Naomba nini? Nakoroma!" Akanisukuma ubavuni kwa kidole cha mguu.

Hapo ndipo mimi nilipofika.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kidole, nikajua nimefumaniwa. Cha pili ni koti jeusi, na ndani ya koti alikuwa Mzee Hezroni. Kichwani mwangu kulikuwa na wazo moja tu: simama haraka, kama mtu mzima wa afya ambaye hajawahi kulala tangu azaliwe. Nikasimama.

Miguu haikuja. Ilikuwa imekufa ganzi kwa kukunjwa, yote miwili, sikuisikia hata kidogo. Nikaanguka juu ya magunia. Nikajiinua kwa mikono nikisema, "Karibu, Mzee, karibu, Shangazi," nikaenda hatua moja ya mlevi, nikashika mizani ya kupimia posho, nikateleza, nikakaa juu yake kwa makalio. Mkono wa mizani ukapanda. Kiptoo, kwa mazoea, akasoma uzito.

Vibarua walicheka. Mimi ningecheka pia. Lakini nilimtazama Mzee, na Mzee hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Alikuwa amemshika dada yake mkono.

"Miguu," akasema. "Dorika, miguu yake."

Hapo niliumia, na sina mzaha wa kuweka hapo.

"Mzee, miguu ni mizima," nikamwambia. "Ni ganzi tu."

"Luka pia alisema ni ganzi."

Nikiwa bado juu ya mizani nikapiga hesabu yangu. Nikisema nilikuwa nimelala, Bwana ananifukuza, na Mzee anakwenda nyumbani kumwambia Rispa avae nguo nyeusi. Nikisema naumwa, hivyo hivyo. Mlango uliobaki wazi ni mmoja tu, nikaupita.

"Nilikuwa naomba, Mzee. Nimepiga magoti muda mrefu sana. Ndiyo maana."

Mzee akashusha pumzi. Uso wake ukafunguka, na niliona aibu kuutazama. Bwana akaguna, akakumbuka Biblia za memsabu, akanyamaza. Nilikuwa nimepona. Nawaambia nilikuwa nimepona kabisa, nimeshaanza hata kuinuka.

Shangazi Dorika akanisogelea. Akaninyooshea kidole, nikadhani ananisalimia. Akaweka ukucha kwenye shavu langu, akakwangua, akapeleka kile alichokwangua mlangoni kwenye mwanga. Mnajua gunia la posho lilivyo, unga unapenya kwenye nyuzi. Mimi nililala mdomo wazi. Mate yakakutana na unga, joto la shavu likamaliza kazi.

"Hezroni," akamwambia kaka yake, "mimi nimeombewa tangu niko mtoto. Sijaona sala inapika ugali."

Watu walianguka. Kuna kibarua alitoka nje akashika mti. Bwana akamwuliza Kiptoo mama amesema nini, akaelezwa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Wewe nalala! Kila siku nalala! Leo nakwenda, wewe na masanduku yako!"

Na hapo, wenzangu, mdomo wangu ukatangulia bila kuuliza ruhusa. "Bwana, si daktari alisema ni dawa ya moyo?"

Nilisema kwa Kiswahili. Kila mtu akaelewa. Kicheko kikazimika.

"Daktari gani?" Mzee akauliza.

"Wa Bwana. Alisema huku juu moyo unachoka, na mtu asipolala mchana hafiki uzeeni."

Mzee akamgeukia Bwana. Hakuwa anamchokoza. Alitaka kujua, kama mtu anayeuliza njia. "Ni kweli hiyo, Bwana?"

Sijawahi kumwona Bwana Kimya akiwa kimya namna ile. Akisema ni kweli, watu wote pale mlangoni wana mioyo, na kesho baada ya chakula watalala safu nzima chini ya blugamu. Akisema si kweli, basi mvivu wa kwanza wa shamba hili anajulikana anapolala. Nilimwona anawatazama vibarua mmoja mmoja. Mwishowe akapata.

"Hiyo dawa ya Mzungu. Moyo ya Mzungu nakuja hapa juu, nachoka. Moyo ya mutu mweusi hapana choka."

Mzee akatazama magunia.

"Mkwe wangu alikuwa anabeba gunia kwa shamba kama hii," akasema. "Mchana alikuwa anaomba alale kidogo tu. Wakamwambia hivyo hivyo. Akija nyumbani kupumzika, mimi pia nikamwambia, amka, wacha uvivu, usingizi itakuua." Akaipanguza kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Kumbe ilikuwa ni moyo inaomba."

Shangazi alitazama nje.

"Lakini wewe ulale, Bwana," Mzee akamalizia, bila kejeli hata chembe. "Usiache. Wewe una bahati, ulipata mtu wa kukwambia."

Kama angemtukana ingekuwa rahisi, maana matusi Bwana anayaweza. Wema ule hakujua aushike wapi. Alitazama miguu yake tena. Alitazama magunia, akakumbuka kwamba wiki ijayo mahindi yanapelekwa stesheni na hakuna mwingine anayejua nini kiko wapi humu stoo. Basi akanihukumu kazi mpya.

"Kesho wewe nakaa baraza. Mimi nalala, wewe hapana lala. Wewe nafukuza nzi."

Ndiyo hiyo. Kuanzia kesho kazi yangu baada ya chakula ni kukaa macho nikimlinda mtu mwingine akinywa dawa. Kama daktari alisema kweli, atazeeka vizuri. Mimi nitakufa kijana, nikiwa nimeshika kitambaa cha nzi.

Nikawasindikiza wakwe mpaka geti. Mguu mmoja ulikuwa umerudi, wa pili bado unachomachoma, kwa hiyo tulipofika nilisimama kama korongo. Mzee akafungua mwavuli wake.

"Kijana, kama ungekuwa mgonjwa, ningekuhurumia. Kama umechoka, leo nimeona sina haki ya kukucheka. Lakini Mungu umemfanya blanketi."

Nikasema tu, "Mzee, mwambie Rispa niko mzima."

"Hiyo ndiyo hatujaona," Shangazi Dorika akasema. Alikuwa ameshavua viatu, yuko tayari kwa safari. "Sasa sikiza. Tutarudi. Siku hatusemi. Tutakuja saa kama hii, watu wakiwa wameshiba. Tukikukuta umesimama na macho wazi, Rispa ni wako, nitamleta mimi mwenyewe. Tukikuta umelala, usitume mtu kwetu tena."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na tukikuta umepiga magoti, nitakuja na mboga."

Wakaenda. Niliwatazama mpaka mwavuli ukapotea barabarani. Nilipogeuka, Kiptoo alikuwa nyuma yangu na kibuyu chake, uso umejaa mashaka.

"Karani, niambie ukweli. Sasa ile ng'ombe yangu ilipona namna gani?"

Nikamwambia aulize ng'ombe. Akachukua mursik yake akaondoka nayo.

Basi ndiyo hali yangu. Rispa nitampata kwa kukaa macho mchana, siku isiyojulikana, tumbo limejaa, karibu na Mzungu anayekoroma kwa amri ya daktari. Mmewahi kukaa karibu na mtu wa namna hiyo? Ule usingizi unakujia kama harufu ya nyama ya jirani. Naombeni msicheke. Aliyemaliza kucheka aje, tupange zamu ya kunifinya.